Likifunguka Halifungiki: Vinara wa Thairista, Tukianzia Mkwaja

Pikipiki ilizimika giza linaingia, kati ya Kipumbwi na Mkwaja, mahali ambapo dereva hakutaka kabisa tusimame. Hakusema neno. Alinielekeza kwa kidevu tu kwenye kinyesi cha tembo katikati ya barabara, bado kibichi. Huko kusini ya Pangani, ukishavuka mto na kuiacha Bweni nyuma, Hifadhi ya Saadani haiko mbali, na tembo hawajawahi kusomewa tangazo la mipaka. Tukashuka, tukasukuma.

Mkwaja tulimkuta fundi kijana chini ya mwembe, anakusanya spana zake afunge kazi. Alinipa shikamoo, akawasha tochi ya simu, akachomoa plagi, akaiegesha kwenye chuma cha injini na kupiga kiki. Hakuna cheche. Akaingiza mkono chini ya tangi, akatoka na kiboksi cheusi cha plastiki, kikubwa kidogo tu kuliko kiberiti.

"Sidiai imekufa, mzee."

Akachomeka nyingine, kiki moja, injini ikaitika. Ile mbovu alikuwa anaitupa kwenye debe la chuma chakavu nikamwahi.

"Nipe hiyo."

"Ya nini tena?"

"Nataka kuiona tumbo."

Akacheka, akanipa. Nililala nayo mfukoni, nikijua kwamba ndani yake mna mdogo wa ukoo mkubwa sana. Kaka zake wanabeba umeme wa nchi nzima juu ya nguzo, kutoka bonde hadi bonde. Huyu wa Mkwaja kazi yake ni kurusha cheche moja kwa wakati. Wote wanaitwa thairista. Jina lao la cheti ni rekitifaya ya silikoni inayoamriwa, na mafundi wa redio wanamaliza kwa herufi tatu: SCR.

Yanayofuata ni vinara wa ukoo huo, nilivyowachagua mwenyewe na kwa vigezo vyangu. Taji la kwanza, la thairista iliyosambaa kuliko zote katika Afrika Mashariki, nalitoa papo hapo bila sensa: ni hiyo ya sidiai, yaani CDI, ya bodaboda. Simama kivukoni Pangani asubuhi, zitazame pikipiki zinavyopanga foleni, uniambie ni kifaa gani kingine cha jamii hii kinachopita mbele ya macho ya watu wengi hivyo bila kujulikana.

Lango la shamba la chumvi

Kabla ya rekodi, kifaa chenyewe. Anayeijua pwani hii anayajua mashamba ya chumvi. Chukua shamba moja kichwani: tuta la udongo, na kwenye tuta lango la ubao. Bahari inapojaa, maji yanausukuma ubao kwa nje, na kinachouzuia usifunguke ni kijiti kimoja tu. Mtoto anaweza kukichomoa kijiti kile kwa vidole viwili. Lakini maji yakishaanza kuingia, wanaume wanne hawawezi kulirudisha lango mahali pake. Watakaa juu ya tuta, wavute sigara, wasubiri maji yapwe.

Thairista ndiyo hiyo. Ni tabaka nne za silikoni zilizobanana, na miguu mitatu: anodi umeme unapoingilia, kathodi unapotokea, na geti, ambalo ndilo kijiti. Pasipo amri, thairista inazuia umeme pande zote mbili. Ukilipa geti mkondo mdogo kwa kitambo cha kupepesa jicho, kifaa chote kinafunguka, na kuanzia hapo geti halina tena kauli. Ondoa amri, irudishe, bembeleza, haisaidii. Kitajifunga chenyewe pale mkondo unaopita ndani yake utakapokaribia sifuri.

Ungedhani hiyo ni kasoro. Ndiyo siri ya kazi yote. Umeme wa majumbani kwetu ni mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde, maana yake unapanda na kushuka, unakwenda na kurudi, na katika kila sekunde moja "maji" yake yanapwa kabisa mara 100. Mara 100 kwa sekunde lango linajifunga bure, na mara 100 unachagua upya lini uchomoe kijiti. Ukichomoa mapema, unapata karibu wimbi zima. Ukichelewa, unapata mkia wa wimbi. Regulator ya feni ya ukutani, ile ya kuzungusha, inafanya hivyo tu, kwa kutumia traiaki, ambayo ni kama thairista mbili pacha zilizogeuziana migongo.

Kwenye mkondo mnyoofu, wa betri, hakuna kupwa. Huko ukifungua umefungua, na wahandisi wametumia miaka na miaka kubuni hila za kuyafukuza maji langoni. Sidiai ina hila nyepesi kuliko zote: dimbwi lake ni dogo. Kapasita inajazwa volti mia mbili, mia tatu hivi. Sumaku ya injini inapopita mbele ya pulsa, pulsa inagusa geti, thairista inafunguka na kapasita inamwagika yote ndani ya koili, plagi inatoa cheche. Dimbwi likikauka, lango linajifunga. Kwa pikipiki inayorusha cheche kila mzunguko, injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hayo yanatokea mara 100 kwa sekunde. Hesabu ile ile ya umeme wa nyumbani, kwa bahati tu, lakini imenifurahisha.

Ndogo kuliko zote nilizozishika

Ziko kwenye taa za mapambo, zile za Krismasi ambazo pwani haziingoji Krismasi: utazikuta kwenye harusi, kwenye Maulidi, na kwenye kibanda cha chipsi mwaka mzima. Fungua kile kijiboksi chenye kitufe cha kubadili mtindo wa kumeta. Utaona tone gumu jeusi lililofunika chipu, na kando yake vijidude vyeusi vya miguu mitatu, aghalabu vinne, kila kimoja na tumbo kama punje ya mahindi.

Ukikuta vimeandikwa MCR100 au BT169, hiyo ni thairista ya ampea 0.8. Kijiti chake kinachomolewa kwa mkondo usiozidi mikroampea 200. Piga hesabu: amri moja inatawala mkondo uliouzidi mara 4,000. Uwiano huo wa anayeamrisha na anayeamrishwa sijui jumbe gani wa pwani aliwahi kuufikia.

Kongwe

Nadharia ya tabaka nne ilitangulizwa na William Shockley mwaka 1950. Mwaka 1956 watafiti wa maabara za Bell Marekani, Moll, Tanenbaum, Goldey na Holonyak, walichapisha kazi yao juu ya swichi ya silikoni ya tabaka nne. Lakini waliotengeneza kitu cha kubeba mzigo wa kweli ni General Electric, mwaka 1957, katika kiwanda chao cha mji mdogo wa Clyde, New York. Gordon Hall ndiye aliyekitengeneza kifaa. Frank Gutzwiller, ambaye wenzake walimwita Bill, ndiye aliyeona kinaweza kufanya nini na kukipigia debe mpaka kikaingia sokoni.

Wakati huo Mkwaja ilikuwa na shughuli nyingine kabisa. Mwaka 1952 kampuni ya Amboni, ile ya mikonge ya Tanga, ilifungua huko ranchi kubwa ya ng'ombe katikati ya mbung'o, na kwa karibu nusu karne wachungaji wake walipambana na ugonjwa wa nagana kwa sindano na dawa. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, na miaka mitano baadaye ardhi yake ikaingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ndiyo sababu ya kinyesi kile barabarani.

Kidogo juu ya Holonyak. Alihamia General Electric, na mwaka 1962 akatengeneza LED ya kwanza ya kufaa iliyotoa mwanga unaoonekana, mwekundu. Vitaa vyeupe vya sola vinavyowaka leo kwenye vibaraza vya Mkwaja vimepitia mikono ya watu wengine wengi, lakini ukifuata nasaba utamkuta yeye juu, mtu yule yule wa tabaka nne.

Kabla ya silikoni, kazi kubwa za namna hii zilifanywa na mitungi ya zebaki, mikubwa kama majokofu, ndani yake kunawaka mvuke wa samawati. Kwa mitungi hiyo Wasweden walipeleka umeme wa mkondo mnyoofu kisiwani Gotland mwaka 1954, megawati 20 chini ya bahari, na hiyo inahesabiwa kuwa njia ya kwanza ya kibiashara ya aina yake. Ni hapo hapo Gotland, mwaka 1970, thairista zilipopewa nafasi ya kwanza kando ya zebaki. Miaka miwili baadaye, kituo cha Eel River nchini Kanada kikawa cha kwanza kutegemea thairista tupu, megawati 320. Zebaki haikukubali kufa haraka: mitungi ya mwisho kwenye njia kuu za umeme wa namna hii ilizimwa New Zealand mwaka 2012. Miaka 55 baada ya Clyde!

Waya wenye jina la Kiswahili

Sasa hapa nitakaa, kwa sababu hapa rekodi ilikuwa yetu.

Kwa miaka 31 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 2010, njia ndefu kuliko zote duniani za mkondo mnyoofu zilikuwa Afrika. Ya kwanza ni Cahora Bassa. Umeme wa mto Zambezi unaanzia Songo, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, unakwenda kilomita 1,420 hadi kituo cha Apollo karibu na Johannesburg, kwa uwezo wa megawati 1,920. Thairista zake za awali hazikuwekwa ndani ya jengo kama ilivyo desturi. Zilizamishwa kwenye matangi ya mafuta na kuachwa nje, juani na mvuani. Kisha vita vya Msumbiji vikaangusha nguzo, na njia ile ikakaa kimya karibu miaka 17, ikiwa na rekodi lakini haina umeme.

Mwaka 1982 taji likahamia Kongo, wakati huo Zaire. Kutoka maporomoko ya Inga kwenye mto Kongo, nyaya zilivutwa kilomita 1,700 kuvuka misitu na savana hadi Kolwezi. Kupata picha yake, panda basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza, shuka stendi, kisha uambiwe bado una kilomita karibu 600. Volti 500,000 juu na 500,000 chini ya sifuri, megawati 560. Mteja alikuwa migodi ya shaba ya Katanga, ila mkoa wenyewe haukuwa ukiitwa Katanga. Tangu 1971 hadi 1997 Mobutu aliuita Shaba. Kwa hiyo katika vitabu vya uhandisi vya Stockholm na Tokyo, rekodi ya dunia ilisomeka kwa neno la Kiswahili: Inga–Shaba. Nimewahi kukutana na wahandisi waliolitamka jina hilo nusu ya maisha yao bila kujua kwamba ni madini wanayoyataja.

Kwa nini mkondo mnyoofu? Kwa sababu kwa safari ndefu unahitaji nyaya mbili badala ya tatu, hasara ya njiani inapungua, na gridi mbili zinaweza kushikana mikono bila kulazimishwa kupiga hatua pamoja. Thairista zinasimama miisho yote miwili. Mwanzoni zinalikata wimbi na kulinyoosha. Mwishoni zinalikatakata upya na kulirudisha kuwa wimbi. Gharama iko kwenye miisho hiyo. Ndiyo sababu wahandisi husema kwa nchi kavu hesabu haianzi kulipa mpaka njia ifike kilomita 600 au 800 hivi.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo watu wa njiani hawaelezwi. Njia ya mkondo geu unaweza kuichoma popote kwa transfoma, ukashusha umeme, ukawasha kijiji. Njia ya mkondo mnyoofu haina transfoma. Kuishusha katikati kunataka kituo kizima cha thairista, jumba, mitambo ya kupoza, wataalamu, kwa kijiji chenye balbu mia tatu. Kwa hiyo nguzo za Inga–Shaba zilipita juu ya vijiji vilivyobaki na vibatari. Wengi wanasimulia hilo kama uonevu wa Mobutu, na uonevu ulikuwapo wa kutosha, lakini hata mtawala mwenye huruma angekwama mbele ya mchoro ule ule. Kosa lilikuwa la walioamua kwanza ni nani mteja, ndipo wakamwita mhandisi.

China iliivunja rekodi mwaka 2010 kwa njia ya Xiangjiaba hadi Shanghai, takribani kilomita 1,900. Kwa upande wetu, Ethiopia na Kenya nao wakajenga ya kwao: kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, kilomita 1,045, kilovolti 500, uwezo wa megawati 2,000, na mwishoni mwa 2022 umeme wa kibiashara ukaanza kupita. Ningependa kuiita ndefu kuliko zote katika Afrika Mashariki. Lakini mwaka huo huo Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaja na Inga–Kolwezi yake kama bibi harusi na sanduku la mahari, na kijana wa Suswa akawa wa pili siku aliyozaliwa.

Msomaji wa Tanga asione Suswa ni mbali. Kutoka Isinya, Kenya, kuna njia ya kilovolti 400 ya mkondo geu inayopita Namanga na Arusha hadi Singida. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa hoja kwamba kuuvuta umeme kutoka kusini hadi kaskazini kunapoteza mwingi njiani. Baadhi ya watu walishangaa: tuna Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115, tunanunua wa nini? Swali ni halali, lakini umeme nao una nauli.

Volti nyingi kuliko zote

Changji, mkoa wa Xinjiang, hadi Guquan, mkoa wa Anhui, China. Karibu kilomita 3,300. Kilovolti 1,100 kila upande. Megawati 12,000, yaani Bwawa la Nyerere tano na zaidi kwenye nyaya za njia moja.

Ukigawanya nguvu hiyo kwa volti zake unapata mkondo wa ampea 5,450 na kitu, na wote unapita kwenye visahani vya silikoni vya inchi 6. Kisosi cha chai ndio upana huo. Kila kisahani kinazuia hadi volti 8,500, kimebanwa kati ya chuma na chuma kwa nguvu ya tani kadhaa ili umeme na joto vipite bila kigugumizi. Kwa kuwa volti 8,500 si kitu mbele ya milioni moja na laki moja, vinapangwa mfululizo kwa makumi, minara ya visosi iliyoning'inizwa kutoka darini ndani ya majumba makubwa kama hanga za ndege. Vyote lazima vifunguke kwa pamoja. Kimoja kikichelewa, mzigo wa wenzake unakiangukia. Kwa hiyo amri haiendi kwa waya. Inakwenda kwa mwale wa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, na kila kisahani kinaupata kwa wakati mmoja.

Chini ya bahari

Baharini sheria hubadilika. Kebo ya baharini ina waya ndani, ganda la chuma nje, na kihami katikati: tayari umetengeneza kapasita ya urefu wa kilomita. Mkondo geu unaijaza na kuimwaga mara 100 kwa sekunde, na kadiri kebo inavyorefuka, uwezo wake unaliwa na kazi hiyo ya kujaza na kumwaga, mpaka ng'ambo hakifiki kitu cha maana. Mkondo mnyoofu unajaza mara moja, basi. Kwa hiyo mabingwa wa mbali wote ni wa mkondo mnyoofu: NorNed kati ya Norway na Uholanzi, thairista tupu, kilomita 580, ndefu kuliko zote ilipofunguliwa mwaka 2008, na Viking Link kati ya Denmark na Uingereza, kilomita 765, mwaka 2023, ambayo imehamia kwenye transista kubwa za IGBT.

Sisi tunaye mbishi. Mwaka 2010, kwa msaada wa Norway, kebo ililazwa kutoka Tanga hadi Pemba, zaidi ya kilomita 70, kwa mkondo geu wa kilovolti 33. Kwa volti ndogo hivyo inawezekana, na majenereta ya dizeli ya Wesha, kisiwani humo, yakapumzika. Nasimama ufukweni Mkwaja nikiangalia kaskazini mashariki, sioni Pemba wala kebo, lakini katika orodha hii sitaki kuiacha nje: imekwenda mbali pasipo thairista hata moja njiani.

Unguja iliunganishwa mapema zaidi, mwaka 1980, kwa kebo ya uwezo wa megawati 45, na 2013 ikaongezwa ya megawati 100. Katikati hapo ndipo kuna rekodi ambayo hakuna aliyeigombea: kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu katika kiungo hicho kimoja, kisiwa kizima kilikosa umeme wa gridi kwa miezi mitatu. Waliokuwako wanasimulia mlio wa jenereta Mji Mkongwe kama wengine wanavyosimulia vita.

Uzio mrefu

Nirudi kwa tembo. Mashine ya uzio wa umeme na sidiai ya pikipiki ni ndugu wa tumbo moja. Kapasita inajazwa, thairista inafunguliwa, kapasita inamwagika. Badala ya koili ya plagi kuna transfoma, na badala ya cheche kuna mpigo wa volti elfu kadhaa unaokimbia kwenye waya karibu mara moja kwa sekunde, mfupi kiasi cha kutoua. Mnyama anapata sekunde nzima ya kutafakari na kurudi nyuma. Hapa, kwa maoni yangu, ule ukaidi wa thairista ndio unaookoa maisha: dimbwi likiisha limeisha, mpigo hauwezi kurefuka.

Kinara wa karibu ni uzio wa Aberdare nchini Kenya. Shirika la Rhino Ark lilianza kuujenga mwaka 1989, kwanza ili kuwalinda vifaru na kuwakinga wakulima dhidi ya tembo, na ulipofungwa mwaka 2009 ulikuwa umeizunguka milima yote, kilomita 400 hivi. Mpaka urudi ulipoanzia. Ukiunyoosha kwenye ramani kutoka Mkwaja, ungefika mbali bara kupita Dodoma. Si kwamba naupendekeza. Tembo wa Mkwaja hupenda kuja hadi pwani, na nasikia fahari fulani kwamba Saadani ndiyo hifadhi ya taifa ya Tanzania bara ambako porini kunaishia moja kwa moja kwenye mchanga wa bahari.

Yenye mbio

Kwa asili thairista si nyepesi. Chaja ya simu yako ina transista inayofunga na kufungua mara makumi elfu kwa sekunde, na thairista hata haijaribu. Lakini tarehe 18 Mei 1990 treni ya TGV Atlantique ya Ufaransa ilikimbia kilomita 515.3 kwa saa, na zilizoushika usukani wa mota zake zilikuwa thairista. Hila yake ilikuwa tamu: mota zilipokuwa zinazunguka, zenyewe zilizalisha volti za kuyafunga malango. Mzigo unamsaidia punda. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2007, ilipofikiwa 574.8 kwa vifaa vya kizazi kipya.

Treni zetu za reli ya kisasa, Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024, kilomita 160 kwa saa, ni za kizazi hicho kipya: IGBT, ambayo ni mlango wenye bawaba, unaufungua na kuufunga upendavyo. Kwenye treni, kwenye inveta za sola na kwenye mashine ndogo za kuchomelea, thairista imeshapokonywa kazi. Imebaki bingwa wa mizigo mizito, na wa vitu rahisi vya bei ya chini.

Tumbo la sidiai

Asubuhi yake nilikaa kwenye kibaraza, maji ya Mkwaja yamepwa hadi mbali, watoto na wanawake wanaokota chaza. Boksi la sidiai limejazwa gundi ngumu nyeusi ili maji na mtikisiko visiingie. Nilipasha msumari kwenye jiko la mkaa, nikawa nachimba kidogo kidogo, inanuka vibaya. Baada ya saa nzima nilimfikia kapasita, mwekundu, ameandikwa 105J 400V, ubavuni ana ufa na doa la kuungua. Kando yake dayodi kadhaa, na mwisho kabisa, mgongo umegusa ukuta wa boksi, kitu cheusi cha miguu mitatu.

Nilimwita dereva, akaja na pikipiki. Tukatoa waya mbili kwenye betri, tukatafuta balbu ya indiketa, tukaunga: betri, balbu, anodi, kathodi, betri. Balbu kimya. Nikachukua kipande cha waya na rezista niliyoing'oa mle mle, nikaligusa geti mara moja tu, kama mtu anayeonja chumvi.

Balbu ikawaka.

Nikaondoa waya. Ikaendelea kuwaka. Dereva akanitazama, akautazama waya mkononi mwangu ambao haukugusa kitu, akainama akaipuliza balbu.

"Mbona haizimi?"

"Ngoja maji yapwe," nikamwambia, nikachomoa waya wa betri.